Mororochet Ni Mimi

Probox ya abiria wa Litein ilikuwa haijatoka vizuri Kericho, na nyuma ya Mochama, mhadhiri wa lugha, wanawake wawili wasiojuana walikuwa wamekwisha kuanza kubishana.

"Wivu wa chura, mama? Hiyo ni mpya," alicheka aliyepakata kikapu.

"Cheka tu," akajibu mwenye kitambaa cha kijani. "Kuna msichana wa utafiti anakusanya jina la chura kwa kila lugha ya dunia. Wajaluo ogwal, Wakikuyu kiura, Wafaransa sijui nini. Mzee wangu akampa mororochet, tena akitabasamu!"

"Si ndiyo Kipsigis yenu? Ulitaka asemeje?"

"Aseme hajui! Mororochet ni mimi. Ameniita hivyo tangu siku za uchumba, kwa sababu mvua ikianza mimi huimba. Sasa jina langu liko kwa simu ya msichana, na alilirudia mbele yangu mpaka akalipatia."

Mochama, ambaye kila mwaka hufundisha kwamba neno si mali ya mtu, hakupata mahali pa kuliweka somo hilo. Akayatazama mashamba ya majani chai nje ya dirisha.

"Wewe unacheka," mwanamke akaendelea, "mzee wako yeye hukuitaje?"

Kikapu kilihamishwa kutoka goti moja hadi jingine. Gari lilikuwa limekwisha kupunguza mwendo stejini ndipo jibu likaja, bila kicheko.

"Huniita 'wewe'," alisema, akafungua mlango kabla gari halijasimama.