Dorca Adero, Aliyetaka Programu ya Zamani Izimwe

Wachungaji, wazee wa ukoo, shemeji zangu mliotoka Kano, majirani na wafanyakazi wenzake, kaka yangu mkubwa ndiye aliyepangiwa kusoma maneno haya, lakini yamo mambo ya kazi ya marehemu ambayo angeulizwa asiweze kuyajibu, kwa hiyo nitayasoma mwenyewe, mimi mume wake.

Dorca Adero alizaliwa tarehe 11 Juni 1961 katika uwanda wa Kano, upande wa Ahero, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Joram Amolo na Mama Maximilla, ambaye tuko naye hapa, na kabla hajaanza kutambaa mvua za mwaka ule zilimhamisha nyumbani mgongoni mwa mama yake.

Alianza shule ya msingi karibu na kwao mwaka 1968, akaingia shule ya bweni ya wasichana mjini Kisumu mwaka 1975, akafaulu kidato cha sita mwaka 1980, na mwaka uliofuata akajiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea hisabati, ambako tulifahamiana. Chuo kilipofungwa Agosti 1982, baada ya jaribio la mapinduzi, alirudi Kano akawafundisha wadogo zake hesabu barazani, akahitimu mwaka 1985, na kuanzia hapo alifundisha Bondo hadi Desemba 1990. Tulifunga ndoa Maseno tarehe 13 Desemba 1986, tukajaliwa watoto wawili, Awuor, aliyezaliwa mwaka 1988, na Tom, aliyezaliwa mwaka 1991.

Januari 1991 aliajiriwa na Kituo cha Takwimu za Mito hapa Kisumu, kinachopima kina cha maji mtoni, na tangu Oktoba 1996 vipimo hivyo vimekuwa vikitolewa na kompyuta moja, yaani seva, ambayo ofisi za wilaya huifungua kupitia laini ya simu na kusoma ukurasa wake kabla ya kuwaambia watu wahame au wabaki. Seva hiyo ilifunguliwa na mgeni rasmi, utepe ukakatwa, maombi yakafanywa, na kibao cha shaba kikapigiliwa mlangoni.

Programu zilizokuwa ndani yake ni zile ambazo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa bure, na Adero alikuwa mmoja wa wanaozirekebisha. Wakati huo programu ya kutoa kurasa ilikuja katika vifurushi vingi vilivyofanana, kimoja cha kurasa za kawaida, kingine cha kurasa za siri, kingine cha kuweka nakala ili kurasa zifunguke upesi, kila kimoja na moduli zake, yaani vipande vya kukiongezea kazi, hivyo tundu la kasoro lililozibwa katika kimoja lilibaki wazi katika vingine. Tangu Machi 1997 yeye na wenzake wa nchi za mbali, ambao hakuwahi kuonana nao, waliviunganisha vyote kuwa kifurushi kimoja cha msingi, na moduli zikabaki za hiari, mwenye seva anawasha anazohitaji tu, na Februari 1998 akakiweka kifurushi hicho kwenye seva ya Kituo.

Aliomba kile cha zamani kiondolewe, akakataliwa. Mkurugenzi alimjibu, nikiwepo kwa kuwa nilikuwa nimemfuata kazini, "Madam, kitu kimefunguliwa na mgeni rasmi, tena kimeombewa, akirudi hapa akiuliza kiko wapi nitamwambia nini?" Fundi wa Kituo, Masinde, mtu wa utani, akaongeza, "Mama Awuor, si tukiache tu hapo kwa kona, kwani kinakula ugali?" Adero hakucheka, alimwambia, "Hakili ugali, Masinde. Kinakula watu."

Sababu yake ilikuwa hii, kwamba programu mbili haziwezi kushika mlango mmoja wa seva, na kila umeme ukipotea na kurudi, inayoamka kwanza ndiyo inayowajibu watu, na ile nyingine hunyamaza. Ikitangulia ya zamani, hutoa nakala iliyojiwekea, vipimo vya siku zilizopita, na juu ya ukurasa panaandikwa kwamba ni vya leo.

Tarehe 6 Mei 1998 umeme ulipotea asubuhi, ukarudi, na ofisi ya wilaya ikasoma kwamba mto umeshuka, watu wa Kano waliokuwa wamehamia shuleni wakaambiwa warudi makwao, na kabla ya saa kumi maji yalikuwa madirishani. Mzee mmoja, jirani wa wazazi wake Adero, hajapatikana hadi leo. Kikao kiliitwa, ikakubaliwa kwamba umeme ndio wenye makosa, na programu ya zamani ikaachwa ilipokuwa.

Agosti mwaka huo alianza kuvimba miguu, ikagunduliwa kwamba figo zake zinashindwa, akatibiwa Kisumu na baadaye Nairobi, na kila nilipofika kitandani aliniuliza kwanza juu ya watoto, kisha kama wamekizima kifurushi cha zamani. Alifariki Ijumaa tarehe 19 Februari 1999, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka thelathini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani zetu wa Otonglo walioleta maji na kuni kabla hatujaomba, Mama Jentrix aliyelala kwetu akiwatunza watoto wangu, na wenzake wa nchi za mbali walioandika kwamba sasa mwingine atakitunza kifurushi chake. Nawashukuru pia wafanyakazi wa Kituo, pamoja na Bwana Mkurugenzi, ambaye namwona ameketi pale mbele, kwa jeneza na kwa gari.

Jana nilipita Kituoni kuchukua vitu vyake. Umeme ulikuwa umepotea usiku na kurudi. Nilifungua ukurasa, nikaona kina cha mto kilekile nilichokiona Jumatatu, na juu yake tarehe ya jana, hali Masinde alikuwa dirishani akiniambia kwamba kule milima ya Nandi, mto unakotoka, mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Nilimwomba akizime kifurushi cha zamani, akasema hana ruhusa.

Kwa hiyo, shemeji zangu wa Kano, mtakapotoka hapa msiulize ofisi yoyote. Mkifika mtoni simameni, tazameni maji kwa macho yenu, na Mama Maximilla asivuke leo, chumba chake kiko tayari kwangu.

Adero, nimewaambia. Pumzika kwa amani.