Mkwe wa Benchi

Mzee Bulle alifiwa na mkewe akabaki na ugomvi na wakubwa wote, kuanzia daktari mpaka dereva wa basi hili la ughaibuni alilopanda. Kiti cha mbele yake, Halimo wa mtaa wa Sparkbrook alikuwa akimsimulia nesi Mkenya aliyejuana naye humo humo. Walipaza sauti, wakiamini kwamba katika basi zima hakuna mwingine ajuaye Kiswahili.

"Charity, anayemposa binti yangu ni Mmarekani aliyestaafu mpira wa kikapu. Yeye na binti wananingoja mkahawani, mtaa wa Balsall Heath, niwape jibu. Basi nikaulizia, alichezaje huko kwao? Kumbe miaka tisa yuko benchi! Anaingizwa timu ikishashinda, watu wanavaa makoti waende zao."

"Na hakugombana na mtu?"

"Hata! Alikuwa akiwapigia wenzake makofi."

"Mama, chukua huyo! Mume wangu hata chai hawezi kungoja ichemke."

"Mimi nataka mkwe anayeanza mechi!"

Charity alicheka mpaka akashikilia kiti. Mzee Bulle hakucheka. Wakubwa ndivyo walivyo: wanamwacha kijana wa watu aozee benchini, kisha lawama anabeba yeye. Basi lilipopunguza mwendo Balsall Heath, uvumilivu ukamwishia.

"Mama, wa kulaumiwa ni kocha! Mpe binti!"

Wanawake wakaruka kama waliomwagiwa maji. Halimo, mguu mmoja ushafika nje, akamgeukia.

"Na wewe mzee, nani kakuingiza uwanjani?"

Mlango ukafungwa, na jibu la posa akashuka nalo.