Kengele ya Kobe: Miaka Thelathini na Mmoja ya Mzee Gervas Malongo

Leo ni tarehe 12 Septemba 2025, hapa kambini Kibimba. Mimi nina miezi kumi tangu nitoke nyumbani Masasi, na nilikuwa najiona mtu wa kuhurumiwa mpaka nilipoambiwa niandike habari za mtu aliyehamahama na kambi kwa miaka thelathini na mmoja. Dereva wetu, Mzee Gervas Malongo, anastaafu tarehe 30 mwezi huu.

Msimamizi wetu, Philbert, alitaka wasifu wa kusomwa siku ya kumuaga uandikwe na mtu aliyewahi kulala naye kwenye matope chini ya tela. Watu hao tuko wawili tu, Jovitus ambaye ni utingo, na mimi kibarua. Jovitus akasema kidole chake kimevimba. Basi naandika mimi niliyeishia darasa la sita. Nikikosea mnisamehe, ila chumvi sitaongeza.

Mzee Malongo aliajiriwa mwaka 1994 akiwa na miaka ishirini na tisa. Wazazi wake walihama Shinyanga na ng'ombe wao wakajenga Nyamahanga, wilaya ya Biharamulo, na yeye amekua akitembea nyuma ya mifugo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvuta matangi ya maji kupeleka Ngara, mwaka ule wakimbizi walipoingia kwa wingi. Baadaye kikosi chetu cha maji kilipoanza kuchimba visima alikabidhiwa lori la mabomba, na nyuma yake tela la kulala wafanyakazi.

Tela hilo ndilo tunaloliita Kobe, kwa sababu anatembea na nyumba yake. Wageni mtamwona hapo nje, nyumba ya mabati yenye vitanda sita, jiko upande mmoja, mlango kushoto, dirisha kulia na magurudumu manne chini. Mzee Malongo amelala humo usiku mwingi kuliko aliolala kwake. Mkewe alishawahi kumwambia mbele yetu, "Huyo Kobe ungemlipia mahari kabisa tujue moja."

Wasiowahi kuvuta tela hawajui shida yake. Tairi la lori likipata pancha dereva anaisikia mikononi, kwenye usukani. Tairi la tela likipata pancha usukani haumwambii kitu. Unaweza kwenda kilomita nyingi unapiga mluzi, kumbe huko nyuma rimu inalima barabara. Beringi zikiungua hujui, na nati zikilegea hujui mpaka uambiwe na watu wa njiani, nao mara nyingi wanadhani unawasalimia tu, wanakupungia mkono.

Mzee Malongo alilitatua hilo kwa akili ya mchungaji. Alichukua kengele ya ng'ombe wa baba yake, yule aliyekuwa anatangulia kundi, akaitundika kwenye kona ya mbele ya Kobe usawa wa dirisha la dereva. Kisha akafunga waya kutoka kwenye ekseli kupanda hadi kwenye kengele. Magurudumu yakienda sawa, kengele inapiga mapigo yake ya kawaida. Gurudumu likianza kuyumba, kengele inaropoka. Ndiyo maana huendesha dirisha likiwa wazi, mvua au jua, na bega la kulia la kila shati lake limepauka kuliko la kushoto.

Tabia yake ya pili mnaijua. Tukifika mahali, hasalimii mtu kwanza. Anazunguka Kobe na kugusa kila habu kwa mgongo wa mkono, pale katikati ya gurudumu, kuona kama pamepata moto. Kule Bisibo bibi mmoja alimtazama mpaka mwisho, halafu akamuuliza Jovitus kwa sauti ya chini, "Huyu mganga wenu anatibu na pikipiki?" Kuna mwaka mwingine grisi iliisha, Jovitus akajaza samli kwenye habu akidhani mafuta ni mafuta. Kobe akanukia kama jikoni siku ya sikukuu, na mbwa wa kila kijiji wakamsindikiza. Mzee alifungua gurudumu lile, akasafisha yote mwenyewe. Jovitus anasema afadhali angetukanwa.

Sasa niseme habari ya Aprili. Najua wapo waliotaka niiruke leo kwa kuwa ni siku ya furaha. Mzee mwenyewe nilipomuuliza alijibu, "Ukiiruka, usiandike kabisa."

Tulikuwa tunahamisha kambi kutoka Bisibo kuja Kibimba. Asubuhi ile tulikuta pancha kwenye gurudumu la nyuma la kulia la Kobe. Tukaliziba, tukalirudisha. Gurudumu likifungwa upya nati hazikai sawa mara moja, lazima zikazwe tena baada ya mwendo kidogo. Tulizikaza tena pale tulipoiacha lami. Hapo hakuna aliyezembea.

Shida ilikuwa Yuster, mpishi wetu. Malaria ilikuwa imemshika vibaya, ametoka kuwekewa dripu, hawezi hata kukaa. Kubaki Bisibo alikataa, alisema haugulii mahali pasipo ndugu zake. Sheria ya Mzee Malongo ni kwamba Kobe akivutwa hapandi mtu, hata kuku. Philbert akamwomba amlaze Yuster humo kwa safari hiyo tu.

"Mzee, natoa ruhusa mimi."

"Ruhusa ni yako. Tela ni langu."

Yuster akainama kando ya barabara akatapika. Mzee akamtazama, kisha akaenda mwenyewe kutandika godoro, kitanda cha mbele kabisa ambako hakurushi sana. Tatizo ni kwamba kitanda hicho kimepakana na kona yenye kengele. Hatujafika mbali Yuster akagonga ukuta kwa kijiko, tukasimama.

"Baba Malongo," akasema dirishani, macho hayafunguki, "hiyo kengele inanipiga ndani ya ubongo. Nihurumie."

Mzee aling'oa nyasi, akazisokota, akaijaza kengele mpaka ikanyamaza. Akamwambia Jovitus, "Tutasimama mara kwa mara tuguse." Na kweli tulisimama, tukagusa habu, tukatikisa magurudumu. Kila mara yalikuwa mazima. Lakini baada ya hapo ulianza ule mteremko wa mwisho kabla ya Kibimba. Mvua ikaanguka, na mahali pa kusimama hapakuwepo. Kushoto ni ukingo wa mlima na mtaro, kulia ni bonde lenye migomba.

Mimi nilikuwa nimepanda juu ya mabomba, nimejifunika turubai. Nikaona tairi linatupita upande wa kulia, peke yake, linateremka bila wasiwasi kama mtu aliyechoka kutusubiri. Ndani ya kabini, alimokuwa pia Philbert, wananiambia Jovitus aliuliza, "Tairi la nani lile?"

Mzee akajibu, "Letu."

Tairi lilifika kwenye kona, halikukata kona. Likaingia migombani. Nikageuka nyuma nikaona Kobe ameinamia bondeni, gurudumu moja tu upande ule linabeba kila kitu, na Yuster yumo ndani. Nilipiga paa la kabini kwa ngumi zote mbili, kana kwamba Mzee hakujua.

Angekanyaga breki kwa nguvu, Kobe angetusukuma na kugeuka ubavu. Angeacha bila breki, lile gurudumu lililobaki lingekatika. Nilimwona anashusha gia, anaminya breki kidogo na kuachia, anaminya na kuachia, huku analisogeza lori kushoto polepole mpaka matairi yakaingia mtaroni. Kobe naye akafuata, akasugua ukingo wa mlima, mabati yakalia. Tukasimama.

Kusimama hakukuwa mwisho wa mambo. Mlango wa Kobe ulikuwa umebanwa na ukingo. Dirisha lilibaki upande wa bonde, na upande huo ndio hauna gurudumu. Udongo ulikuwa unalainika, na ndoano inayomshika Kobe kwa lori ilikuwa imepinda inatoa mlio. Yuster angesogea tu kuelekea dirishani, uzito wake ungetosha.

"Baba Malongo, tumefika?" akauliza kutoka ndani.

"Bado. Kaa hivyohivyo. Usigeuke."

"Nigeuke vipi na gunia la mchele liko juu ya miguu yangu?"

Mzee alishachukua jeki na kuingia chini ya Kobe, kwenye maji yanayoteremka. Alikuwa na miaka sitini na amebakiza miezi mitano tu astaafu. Jovitus na mimi tukamfuata na mawe. Philbert akapanda ukingoni, akajilaza juu ya paa la Kobe upande wa kushoto ili kuongeza uzito, na shati lake la ofisini.

Hapo ndipo akatokea mzee Leonidasi, mwenye shamba la migomba, na wanawe wakubwa wakisukuma tairi letu kupandisha mlima.

"Hili tairi ni lenu? Limenilaza migomba miwili."

Mzee Malongo akajibu kutoka chini ya tela, uso umejaa tope. "Shikamoo mzee. Ni letu. Naomba radhi, na naomba nguzo."

"Marahaba. Radhi baadaye. Nguzo ndefu kiasi gani?"

Zikaja nguzo za mkaratusi, na wake wa wale vijana wakapanda kumsaidia Philbert kulikandamiza paa, wakimwambia asogee, mbona mwepesi kama bua. Jeki ilikuwa inazama matopeni. Mzee Leonidasi akatuma benchi lake la sebuleni, tukaliweka chini ya jeki. Mzee Malongo akaanza kupandisha. Katikati ya kazi benchi lilipasuka mguu, na Kobe akashuka kama kiganja kimoja. Jovitus alitoka chini akiwa anatambaa kinyumenyume. Mimi nilishindwa kutoka kwa woga. Mzee hakutoka kwa sababu hakutaka. Alibaki ameshika jeki, akasema neno moja, "Jiwe." Nikasukuma jiwe. "Lingine." Nikasukuma lingine. Jovitus akarudi na nguzo. Kobe akatulia.

Yuster tulimtoa dirishani akitanguliza miguu, amefungwa kanga za wake za watu asiowajua. Alipokanyaga chini alimtazama Mzee, akauliza kama mtoto, "Mbona sikusikia kengele?" Alikuwa amesahau kwamba aliomba inyamaze. Mzee Malongo alikwenda kwenye kona ya Kobe, akachomoa zile nyasi moja moja, akazitia mfukoni mwa suruali. Kisha akafungua ndoano, akampeleka Yuster zahanati kwa lori, hana hata muda wa kunawa uso.

Jioni yake Philbert alikaa kuandika taarifa ya ajali. Akasema ataandika mvua na barabara mbovu, na wala si uongo.

"Andika nyasi," Mzee akasema.

"Mzee, ulimhurumia mgonjwa."

"Andika nyasi, niliziweka mimi. Ukiandika mvua, dereva ajaye ataogopa mvua."

Philbert akaandika nyasi. Mzee alipewa onyo la kwanza katika miaka thelathini na mmoja, akalikunja na kuliweka kwenye pochi yenye picha ya mkewe. Tangu siku ile mgonjwa hukaa kabini na mzima hupanda juu ya mabomba. Migomba ya mzee Leonidasi tulipanda upya, na benchi alitengeneza Jovitus. Linakaa vibaya kidogo, lakini wenyewe wamelikubali.

Kuanzia Bisibo mpaka hapa kuna watu wengi wanaopampu maji safi bila kumjua aliyevuta mabomba na mafundi mpaka mlangoni kwao. Sisi tunamjua. Chakula cha leo amepika Yuster, na amekataa kusaidiwa.

Mzee Malongo, asante kwa kutufikisha kila mahali tulikotumwa. Asante kwa lile neno "jiwe", maana ungepiga kelele siku ile mimi ningekimbia. Nenda ukalime, uchunge ng'ombe wako, umzoee mkeo naye akuzoee. Ulale usingizi wa mtu asiye na tela nyuma yake.

Umetuachia kengele, na Jovitus ameapa mbele ya Philbert kwamba haitatiwa kitu ndani. Mwezi ujao tunahama kurudi Biharamulo, na Kobe atapita Nyamahanga mbele ya nyumba yako. Ukiisikia kengele, endelea na shughuli zako. Usipoisikia, toka usimame katikati ya barabara utuzuie, maana mimi nategemea kuwa nyumbani Masasi katikati ya Disemba, na nataka kufika.