Jaribu Mabruki, Fundi wa Kufungua Vichwa

Mashehe, wazee wetu, mabibi na mabwana mliokuja Konde kwa khitma hii, mimi ni Vuai Mabruki, mdogo wake marehemu, familia imenitaka niwasomee maisha ya kaka yangu, nami naisoma karatasi niliyoiandika na kuichana tangu juzi, kwa sababu yaliyotokea katika msiba huu yamenichanganya na mpaka sasa hayajanikaa sawa.

Marehemu alizaliwa Makangale tarehe 3 Mei 1948, akasoma skuli hapa Konde, na mwaka 1966 akaingia karakana moja ya mjini Wete, ambako Mzee Msellem alimfundisha injini. Tarehe 9 Disemba 1972 alimuoa Bi Mwanapili Kificho, wakaishi kwa masikilizano, ingawa sote tunajua ulimi wa Bi Mwanapili hauna breki.

Mwaka 1975 alifungua gereji yake, na jina lake likatoka kwa kazi moja, nayo ni silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ambayo yeye aliiita kichwa tu, akiifungua na kuzichonga njia za hewa kwa tupa na msasa mpaka ziwe pana na laini, akipitisha kidole ndani huku amefumba macho, na gari ya abiria iliyokuwa ikikohoa mlimani ikapanda na watu wake na magunia yao. Madereva wakaeneza habari hadi Chake Chake kwamba Konde kuna fundi, akifungua kichwa, pumzi yapita.

Kifua kilimuanza mwaka 2011, akalazwa mara kadhaa, na alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2014, akafariki nyumbani kwake, tukamzika siku hiyo hiyo.

Mniwie radhi, mpangilio umenipotea, watoto hutajwa kabla ya maradhi, lakini hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa nimeandika kwamba marehemu hakujaaliwa mtoto. Siku ya maziko akaingia mwanamke kutoka Vitongoji, Mwanamize Hija, analia "Baba! Baba!", na Bi Mwanapili akaniita uani akanishika kanzu, "Vuai, huyu mwana kamzaa na nani?" Nikarudi ukumbini kumuuliza huyo mgeni.

Mwanamize mwenyewe ndiye aliyetueleza. Mwaka 1987 alikuwa mtoto wa miaka saba, ana pumu, mama yake akasikia maneno ya madereva ndani ya gari, na fundi kwetu ni wa injini na ni wa mashetani pia, yaani mganga, basi akamleta Konde afunguliwe kichwa. Marehemu akaapa kwamba yeye ni fundi wa gari, na kadiri alivyoapa ndivyo mama alivyozidi kuamini kuwa huyu ni fundi mkubwa, hataki kujitangaza. Mtoto midomo ikageuka rangi, kaka yangu akawapakia katika gari aliyotoka kuifunga kichwa, akaiendesha mwenyewe mpaka hospitali ya Wete, mtoto akapona. Mama yule hakuelewa mpaka kufa kwake, akasema mtoto ni wa fundi, kwa kuwa aliyeponywa na mganga huwa mwanawe, na marehemu akawa kila Idi anakwenda Vitongoji kumtazama, nyumbani akiaga kwamba anakwenda kutengeneza mashine.

Bi Mwanapili aliposikia hayo akacheka kwa hasira, akasema, "Miaka yote hiyo, mashine gani hino isopona?" Kisha akalia. Kwa nini kaka yangu alificha, mimi sijui, huenda aliogopa kuitwa mganga, huenda aliogopa kumuonesha mkewe mtoto ambaye wao hawakupewa. Nimeumia kwamba hakuniambia hata mimi.

Jana nilikwenda kumuuliza Bi Mwanapili niandike nini. Nilimkuta jikoni, yeye na Mwanamize wanakuna nazi katika bakuli moja. Nikauliza, akanijibu bila ya kuinua uso, "Andika mtoto mmoja, weye, na usin'ulize tena."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia, madereva na mafundi waliobeba jeneza, na mashehe kwa dua zao.

Marehemu ameacha mjane mmoja na mtoto mmoja, Mwanamize. Pumzika, kaka yangu, Mola akupanulie kaburi lako.