Aliyeimba Ndani ya Sinema Iliyochomwa Moto

Poleni nyote, ndugu, majirani na marafiki mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono. Mimi ni mkwe wa marehemu, mume wa binti yake mkubwa, na mkwe kwa kawaida kazi yake msibani ni kupanga viti, lakini karatasi hii ya wasifu wa marehemu ilianzia kwa mjomba, mdogo wake marehemu, mjomba akasema koo limemkaba, akampa shemeji, shemeji akakumbuka kwamba amesahau miwani, na ndivyo ilivyonifikia mimi mwenye koo zima na macho yanayoona. Ndani yake ipo aya moja ambayo marehemu mwenyewe aliagiza isomwe mbele za watu, kikao cha familia cha jana kikaipiga mstari mwekundu kwa kuhofia usalama wa watoto na wajukuu wake, nami nimeahidi kuiruka.

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1953, katika chumba cha nyuma cha banda la fundi viatu, mtaa unaopakana na reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili, baba yake akiwa ndiye huyo fundi viatu, na mama yake mshona mito. Alianza shule ya msingi Januari 1960, ng'ambo ya reli, ambako walimu walimsifu kwa hesabu na kumkaripia kwa kuimba darasani, akahitimu darasa la saba mwaka 1966. Kuanzia hapo karatasi inaruka mpaka mwaka 1972, nami naruka nayo.

Agosti 1972 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, akaanza kwa kutenganisha mashuka, akapanda kuwa mpiga pasi, kisha msimamizi, mpaka alipostaafu Juni 2008. Wenzake, ambao nawaona wamekaa upande ule, walimwita Mama Kimya, kwa sababu wao huimba kutwa kushindana na ngurumo za mashine, na yeye hakuwahi kuitikia hata kiitikio, hata walipomtania kwamba sauti yake iliingia kwenye mashine siku ya kwanza, ikafuliwa mpaka ikachuja.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na dereva wa lori la maji, mtu mcheshi aliyeongea kwa niaba ya wote wawili mpaka alipotutoka mwaka 2011, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja. Mke wangu, ambaye sasa hivi ananitazama kwa jicho ninalolifahamu, ataniwia radhi nikisema kwamba hakuna hata mmoja wao aliyebembelezwa kwa wimbo, mama aliwapigapiga mgongoni tu mpaka wakalala, nao wakakua wakidhani ndivyo wanavyofanya akina mama wote.

Sasa nimefika kwenye ugonjwa, na hapa nimekwama. Karatasi inasema shinikizo la damu lilimwanza Machi 2023, haisemi kwa nini alihamisha kitanda chake kikae mbali na dirisha, wala kwa nini aliacha kupokea simu, wala kwa nini gari lolote likisimama nje aliketi sakafuni nyuma ya kabati, mwanamke mwenye miaka sabini, akatushika mikono tusitoke. Ugonjwa huo siwezi kuueleza bila ile aya. Mjomba, nisamehe, mke wangu, nisamehe, naogopa kuliko mnavyodhani, lakini nasoma.

Mwaka 1967 marehemu, akiwa na miaka kumi na minne, aliimba nyimbo nne katika ile sinema ya baba aliyepiga marufuku kicheko nyumbani kwake, na watoto wake wakawa wanacheka chini ya meza, sinema ya familia, iliyotengenezwa ili wazazi na watoto waitazame pamoja, na wakaitazama, mpaka wakubwa fulani walipojiona ndani ya yule baba. Sinema ikafungiwa, nakala zikachomwa nyuma ya jumba la sinema, mwongozaji akaitwa ajibu maswali mawili matatu, akaacha chai yake mezani, hakurudi. Majina ya waimbaji hayakuandikwa popote, ndiyo maana msichana yule alinusurika, na baba yake akamwambia, kuanzia leo wewe huna sauti.

Aya imeishia hapo, yanayofuata nayasema mwenyewe. Kanda za nyimbo hizo zilibaki kwa fundi mitambo wa studio, na mjukuu wake, mtu mzima mwenye watoto wake, ndiye aliyezisafisha na kuzitoa upya Februari 2023, kwenye santuri na kwenye simu, bila ubaya na mtu. Balaa ni kwamba yule fundi mitambo, kwa vile vibandiko vya karatasi vilikuwa vikibanduka kwa joto, alikuwa na desturi ya kutamka kwenye kipaza sauti, kabla ya kila wimbo, nani anaimba, na mjukuu akaona maneno hayo yana ladha ya zamani, akayaacha, basi kila aliyesikiliza akasikia, tena kwa sauti safi kabisa: "Kidege, binti wa fundi viatu wa mtaa wa reli, wimbo wa pili." Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huu haukuwa ung'ongo, kwa maana watu tusiowajua walianza kuulizia banda la viatu lilikuwa wapi, na simu zikawa zinalia, ukipokea husikii neno, unasikia mtu anapumua.

Yule mjukuu alikuja akapiga magoti sebuleni, akaahidi kwamba toleo la pili atayakata maneno yote na kuandika mwimbaji hajulikani, sote tukashusha pumzi, mimi wa kwanza. Mama akatafakari siku kadhaa, kisha akamwita tena, akasema mbele yetu: "Usikate kitu. Weka na jina langu lote. Nimeogopa tangu nina miaka kumi na minne, na hofu yangu haikumrudisha yule waliyemchukua." Toleo hilo linatoka mwezi ujao, kikao cha jana kilitaka lizuiwe, na baada ya haya mliyoyasikia sioni tena la kuzuia.

Alilazwa tarehe 2 Juni 2024, moyo ukiwa umechoka, akafariki tarehe 11 Juni asubuhi. Watakaokuja kuwaambia kwamba aliimba kitandani watakuwa wanamtungia, kwa sababu muuguzi alimwomba, naye akatikisa kichwa, akasema haipo tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliotupatia maji na kivuli, na wenzake wa chumba cha kufulia, waliompigia pasi shuka alilolazwa nalo. Na wewe mzee mwenye koti la kijivu, uliyesimama getini tangu tulipofika, tumeulizana familia nzima, hakuna anayekujua, kama umekuja kuzika, sogea, udongo upo, na kama umetumwa kuhakikisha, basi umeshahakikisha, aliyeimba ni yeye, na aliyesoma ni mimi.

Pumzika kwa amani, mama, huko hakuna tena wa kukuulizia.