Mama Santa Alanyo: Swali Asubuhi, Jibu Jioni

Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 1979, Mama Santa Alanyo, karani wa lango na mpiga kengele wa Karakana ya Maturubai ya Luzira, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Aliingia akiwa msichana wa kutia pete za kamba kwenye maturubai. Anatoka akiwa mtu pekee hapa ambaye hata meneja humwomba ruhusa ya kuchelewa.

Sifa yake kubwa ni ubao. Mwaka 1972, maduka ya Wahindi yalipofungwa Old Kampala, aliukuta ubao wa darasani umetupwa barazani. Akaupakia kwenye gari letu la mizigo na kuutundika langoni, mahali ambapo mtu anausoma tangu kwenye kona ya barabara. Kuanzia hapo kila asubuhi tulikuta swali. Reli ya Mombasa ilifika Kisumu mwaka gani? Popo ni ndege au mnyama? Neno "shule" tumelipata kwa nani? Jibu liliandikwa jioni tu, akishapiga kengele ya kutoka. Kabla ya hapo, hata upige magoti, hakwambii. Meneja aliwahi kumjaribu kwa soda mbili. Mama alizinywa zote, kisha akamwambia asubiri kengele.

Basi tulibishana kutwa tukiwa kwenye mashine za kushonea. Mugisho, fundi wetu kutoka Kongo, alitetea kwamba popo ni ndege mpaka uji wake ukapoa. Lakini kuteleza si kuanguka, na Mama naye aliwahi kuteleza. Aliandika kwamba ziwa letu ndilo kubwa kuliko yote duniani. Mugisho akamletea ramani. Kesho yake ubao ulisema: "Jana niliwadanganya. Kwa maziwa ya maji baridi, letu ni la pili. Poleni." Chaki ilipoadimika pamoja na sukari na sabuni, aliandika kwa kipande cha muhogo mkavu. Mbuzi wa jirani akalamba nusu ya swali, nasi tukajibu nusu iliyobaki.

Sasa niseme lile ambalo kabla ya utawala ule kuanguka Aprili mwaka huu lisingeandikika.

Mwanzoni mwa 1977 watu wa makabila ya Acholi na Lango walikuwa wakichukuliwa kazini, majumbani, hata njiani kutoka kanisani. Mama Alanyo ni Mwacholi, na alikuwa na kila sababu ya kuinamisha kichwa. Asubuhi moja waliingia watu wawili wa usalama, gari lao wakalificha nyuma ya stoo. Waliwatafuta wapeleka mizigo wawili wa makabila hayo: Otim, na mimi Olweny ninayeandika haya. Tulikuwa tumekwenda Port Bell kupeleka maturubai ya kufunika mabehewa yanayovuka ziwa kwa feri. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka kutuonya. Wale watu walikaa kwenye kibanda cha Mama wakamwamuru afanye kazi kama kila siku, ili tukirudi tusishtuke.

Mama, kama nilivyosimuliwa baadaye, akawaambia kwamba kazi yake ya kila siku ni pamoja na kuandika jibu ubaoni. Wakamruhusu. Mmoja alisimama kando yake na bunduki wakati akiandika. Swali la siku hiyo lilikuwa neno "meza" limetoka lugha gani, naye akaandika kwa herufi kubwa kabisa: JIBU: KIRENO. Waliokuwa ndani waliona, wakaelewa, na hakuna aliyefungua mdomo. Hofu ilikuwa kwamba mfanyakazi mmoja angeropoka, "Mama, mbona mapema?" Neno hilo moja lingetosha kummaliza. Yule mwenye bunduki alisoma akafurahi.

"Mama, leta swali ingine," alisema. "Hii ilikuwa rahisi."

Mimi nilirudi kwa barabara, na baiskeli yangu. Pale kwenye kona nililiona jibu, na jua bado liko utosini. Jibu mchana, kwa Mama Alanyo! Niligeuza baiskeli taratibu kama mtu aliyesahau kitu, na sikupumua vizuri mpaka nilipofika Kisumu, nje ya nchi.

Otim alipita njia ya mkato kwenye reli, akaingia kwa mlango wa upande wa ziwa. Kule hakukuwa na ubao. Hatujamwona tena.

Kesho yake Mama alitafuta ubao mwingine, akaupaka rangi nyeusi, akautundika kwenye mlango ule. Tangu siku hiyo kila swali limeandikwa mara mbili. Aliyeuliza sababu alijibiwa kwamba wanaotokea ziwani nao wanapenda elimu.

Nilirudi mwezi uliopita. Nilikuwa nimetayarisha shukrani ndefu, lakini nilipomwona nililia tu. Alinishika mkono.

"Otim hakuona ubao, mwanangu," akasema. "Ubao ilikuwa moja tu."

Namjibu leo mbele ya wote: Mama, si kosa lako.

Chaki anamkabidhi Loice wa ofisi ya hesabu, ambaye ameapa kutopokea soda. Mama anakwenda Kitgum kwa wajukuu, na tunawaonea huruma: hawatalijua jibu lolote kabla ya chakula cha jioni. Asante kwa kazi, kwa elimu, na kwa uhai wangu. Tunakutakia maisha mema, usingizi mtulivu na miaka mingi ya maswali.

Swali la leo liko kwenye mbao zote mbili. Tafadhali, Mama, usituandikie jibu mapema. Tutalisubiri mpaka kengele, sisi tuliobaki, na nafasi ya Otim tutaiacha wazi.