Zamu za Maji Nilizokopeshwa Mitunguu

Walisema singemaliza hata mwaka mmoja. Jirani alimshauri mama, nikiwa nimesimama hapo hapo, anizoeshe shamba la ndizi mapema, maana uhandisi ni wa watoto wa mjini. Ndugu zangu, nitazameni vizuri. Diploma yangu iko kwenye fremu juu ya televisheni ya mama, nami nimerudi, na mabomba yananiita kutoka hapa Mitunguu hadi Ruiri.

Lakini nawaambia, pale chuoni Embu nilikaribia kufukuzwa. Somo la mtiririko wa maji lilinigaragaza mara mbili. Nilikariri fomula kama mistari ya Biblia, na kwenye mtihani zote zikapotea. Mwalimu wangu akaniita, akaniuliza maji yanatusumbua wapi nyumbani. Nikamweleza kwamba mashamba ya mwisho wa laini yetu ya maji hukauka, na kila mtu humshuku aliye juu yake kuwa mwizi.

"Huo ndio utafiti wako," akasema. "Niletee vipimo, sio lawama. Ukishindwa, sitaweza kukutetea."

Kupima kulitaka bomba lijae huku mashamba yamefungwa. Nani hapa kwetu hutoa zamu yake ya maji wakati wa kiangazi? Majirani watatu walinikopesha zao. Mmoja alinionya kwamba ndizi zake zikikauka nitambebea maji kwa mgongo.

Nilipima presha kutoka juu hadi chini. Pale kwenye mwinuko ikaanguka ghafla. Kulikuwa na valvu ndogo ya kutolea hewa, na sisi wenyewe tulikuwa tumeifunga kwa mpira wa tyubu kwa sababu ilirusha maji tukaona ni hasara! Hewa ilikwama ndani na kuziba njia. Nilifungua mpira, nikaisafisha valvu, ikakohoa weee, ikatulia. Mama wa shamba la mwisho akanipigia simu akiuliza nimemfungulia nani maji. Nikamwambia, "Ni yako, mama." Nikasikia maji yakigonga ndoo.

Mtihani uliofuata niliongoza darasa zima. Mimi huyu.

Namshukuru mwalimu, nawashukuru majirani. Wazazi, mtoto akikwama kwenye uhandisi, msimwambie akariri zaidi. Mpeni shida ya hapa nyumbani aipime kwa mikono yake.

Zile zamu nilizokopeshwa, mimi na mama tulizilipa kwa zamu zetu wenyewe, moja moja. Siku ya jirani wa tatu nilimfungulia mimi mwenyewe. Akatazama mfereji ukijaa, akanipa mkono.

"Hatudaiani tena, injinia. Sasa nenda ukanyweshe ndizi za mama yako."